Sinia ya pezi: shajara ya kusajili umbo kutoka Kibuye

Jumatatu, 3 Februari 2025

Saa mbili asubuhi Mama Hoteli amenitumia picha ya sinia yetu. Samaki mzima, ngege, amelala juu yake, mchuzi umetuama chini ya tumbo, ugali umekaa kwenye kishimo chake, na pembeni kinaonekana kidole gumba cha mteja. Ameandika: "Watu wanauliza imetoka wapi. Niwaelekeze kwenu?" Nimemwomba asubiri kidogo, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine ya maana.

Kwa atakayesoma bila kutujua: jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, anasubu alumini hapa Kibuye, Kisumu, tangu mimi sijazaliwa. Pistoni na vichwa vya injini vilivyochoka vinaingia tanurini, vinatoka sufuria. Mimi ni mtu wa hesabu na michoro. Nilitoka Kakamega kuja kumwekea vitabu vya karakana, nikabaki. Desemba tulianza sinia ya samaki kwa sababu Mama Hoteli alichoka kufuta meza. Mteja akimgeuza samaki, mchuzi wote unahamia kwenye kitambaa.

Sinia ina umbo la yai, urefu sentimita 46. Ukingo wa upande mmoja umepanda juu kama pezi la mgongoni, wenye mbavu 17 zinazosambaa kutoka chini kwenda juu. Kumi na saba kwa sababu jaduong' alichukua ngege mmoja wa ufuo wa Dunga akahesabu miiba ya pezi lake kwa ncha ya kisu. Upande wa tumbo kuna kishimo cha ugali. Chini kuna miguu mitatu iliyochongwa kama mikia. Tumesubu nne, ya kwanza na ya nne ziko hotelini tangu Januari.

Jioni nimemwambia jaduong' tuisajili.

"Jina?"

"Hapana, umbo lenyewe."

Amecheka mpaka akaweka koleo chini. "Nyathina, mwanangu, sinia ni sinia. Nani amewahi kusajili sufuria?"

Nami namwelewa. Hapa kila fundi alijifunza kwa sufuria ya jirani. Tena kwa kazi ya mchanga, kuiga hakuhitaji hata penseli: unanunua sinia moja, unaizika kwenye mchanga wenye unyevu, unaitoa taratibu, imekuachia kalibu. Unamimina. Ni kazi ya mchana mmoja.

Alhamisi, 6 Februari

Nimechapisha pale saiba sehemu ya maumbo ya viwandani katika Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001. Kurasa chache tu. Umbo linaloweza kusajiliwa ni mpangilio wa mistari au rangi, au umbile la pande tatu, unaoipa bidhaa sura ya pekee na unaoweza kuwa kiolezo cha kutengenezea bidhaa ya kiwandani au ya kazi ya mikono. Kazi ya mikono! Nimemsomea jaduong' hapo mara mbili. Alikuwa amejiaminisha kwamba sheria hizi ni za watu wenye mabomba ya moshi marefu kule Industrial Area.

Imenichukua muda kutenganisha haki hizi, kwa sababu watu wote wanaziita "patenti". Hataza hasa inalinda uvumbuzi, namna kitu kinavyofanya kazi, kwa miaka 20. Kuna hataza ndogo ya maboresho ya kiufundi, miaka 10 basi. Alama ya biashara ni miaka 10 na unaweza kuihuisha bila mwisho. Umbo, yaani sura inayoonekana kwa macho, ni miaka 5 tangu siku ulipowasilisha maombi, na unaihuisha mara mbili, kila mara miaka 5. Jumla 15. Ukisahau kuihuisha, imekwenda.

Jaduong' amepiga hesabu: miaka kumi na mitano ikiisha atakuwa na themanini na mmoja. "Basi inanitosha," akasema, akarudi tanurini.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya. Nimefika kwenye kifungu cha upya.

Umbo halisajiliwi kama si jipya, na jipya maana yake halijafunuliwa kwa umma kabla ya siku ya maombi. Kufunuliwa kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchapishwa popote duniani, iwe ni katalogi ya China au jarida la Brazil. Ya pili ni kutumika, au kujulikana kwa njia nyingine yoyote, hapa Kenya. Sasa nitazame sisi. Sinia mbili ziko mezani tangu Januari, mahali ambapo nusu ya mji hupita kula samaki. Mteja mmoja amepiga picha. Mimi mwenyewe, mtu wa michoro, mwerevu, niliiweka kwenye stetasi siku ya pili baada ya kusubu, na maneno "kitu kipya kinakuja".

Nimelala na hilo. Kumbe aya inayofuata ina nafuu: kama aliyefunua ni mwombaji mwenyewe, au ni mtu aliyemwibia, ufunuzi huo hauhesabiwi mradi maombi yawasilishwe ndani ya muda uliowekwa. Tumo ndani ya muda huo. Lakini ni nafuu ya hapa nyumbani, na si kila nchi iliyo na huruma hiyo. Kuanzia leo: stetasi imefutwa, na Mama Hoteli ameombwa azitumie sinia kwa wateja wa chumba cha ndani tu. Nimeandika kwenye daftari tarehe zote, siku sinia ya kwanza iliposubiwa, siku ilipofika hotelini, siku ya stetasi. Kama kuna mtu atakuja kudai alianza, tarehe ndizo zitakazosema.

Mama Hoteli hajapenda. "Mnanipa sinia halafu mnaniambia niifiche kama pombe?"

Jumamosi, 15 Februari

Upekuzi. Majarida ya Taasisi ya Mali ya Viwanda Kenya, KIPI, ambamo maumbo yanatangazwa. Kisha hifadhidata ya maumbo ya WIPO, shirika la dunia la mali miliki, ambayo ni bure na ina picha za nchi nyingi. Kinachosaidia ni uainishaji wa Locarno, uliokubaliwa 1968. Bidhaa zote zimegawanywa katika madaraja 32. Vyombo vya nyumbani ni daraja la 7, na sahani na jamaa zake ni 07-01. Bila namba hiyo unatafuta sindano kwenye shamba la miwa la Mumias.

Matokeo: sahani zenye umbo la samaki ni nyingi kuliko samaki wenyewe. Za kauri, za glasi, za plastiki, zenye macho, zenye tabasamu. Kwa hiyo wazo la "sinia kama samaki" halina mwenyewe na halitakuwa letu kamwe. Nilivunjika moyo kwa kama saa moja. Halafu nikaanza kuzitazama moja moja, na nikaona karibu zote ni samaki aliyechorwa kutoka juu: kichwa huku, mkia kule. Sikuona hata moja ambayo ni ukingo uliosimama kama pezi, wenye mbavu, na tumbo lililofunguka kuwa kishimo. Tukiomba, tuombe hicho, na tusijidanganye kwamba tuna zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Tumekutana na wakala aliyesajiliwa, saa moja ya kulipia. Mkenya anayeishi hapa anaruhusiwa kujiwasilishia maombi mwenyewe. Wakala ni lazima kwa aliye nje ya nchi. Lakini nilitaka macho ya mtu mwingine.

Aliigeuza sinia, akaingiza kidole kwenye mfereji unaoshuka kutoka kwa samaki hadi kwenye kishimo cha ugali. "Hiki ni cha nini?" Jaduong' akajibu kwa fahari: mchuzi ufuate ugali, usifuate meza. Ndicho anachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachouza. Wakala akatikisa kichwa. Sehemu ambayo iko pale kwa ajili ya matokeo ya kiufundi tu haimo katika ulinzi wa umbo. Mfereji ukiwa na mteremko wake, kazi yake ni kupeleka mchuzi. Mtu anaweza kesho kutengeneza sinia ya sura nyingine kabisa yenye mfereji uleule, na cheti chetu cha umbo kisiseme neno. Kama tunautaka, ni habari ya hataza ndogo, maombi mengine, maandishi mengine, ada nyingine.

Na miguu? Miguu inashikilia sinia, lakini si lazima iwe mikia. Ingeweza kuwa vifundo. Kwa hiyo mikia ni sura. Mbavu je? Jaduong' alianza kusema zinaongeza nguvu ukingoni, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Wakala aliona. Akasema hata kama zinaongeza nguvu, hazipo kwa ajili hiyo *tu*. Hakuna anayehitaji kumi na saba zinazosambaa hivyo ili ukingo usipinde. Nilijifunza mengi kwenye lile neno "tu".

Jambo la mwisho, la aibu kidogo. Kiolezo cha kwanza kilikuwa na urembo wa nyuzi zilizosokotwa kuzunguka kishimo, ule ambao kina mama wafinyanzi huubonyeza kwenye mitungi kabla ya kuchoma. Nilikuwa nimeupenda sana. Lakini si mpya, na si wetu sisi watatu. Kuna hata sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya asili na sanaa za jamii. Jaduong' ameuchonga na kuutoa bila kubishana. Mama yake alikuwa mfinyanzi.

Jumamosi, 8 Machi

Nani aliyeliumba? Nilidhani swali hili litachukua dakika mbili. Fomu inataka jina la muumbaji, na kama mwombaji si muumbaji, inabidi aeleze haki yake ameipata wapi. Pezi ni wazo la jaduong'. Mchoro ni wangu, na mikia ni yangu. Kishimo ni cha Mama Hoteli, aliyekionyesha kwa kubonyeza unga uliokandwa na ngumi yake. Walioumba pamoja haki ni yao pamoja.

Kikao kilifanyika jikoni kwake saa tisa, wateja wakiwa wameisha. Nilikuwa nimeandaa asilimia. Mama Hoteli aliziangalia, akanirudishia karatasi. "Mimi sitaki asilimia, mwanangu. Nataka sinia kumi na mbili, na nisiuziwe kama mteja wa barabarani." Nilimweleza kwamba jina lake litaandikwa hata hivyo, kwa kuwa ndiyo kweli. Haki ya kusajili ametuachia sisi wawili kwa maandishi, akatia sahihi mbele ya mashahidi. Sinia kumi na mbili zimeandikwa kwenye makubaliano hayohayo.

Machi hadi Aprili: picha

Hapa ndipo mradi ulipokwama, na sikuwa nimetarajia.

Nilichukulia picha kama kiambatisho. Sivyo ilivyo. Unachokionyesha kwenye picha au michoro ndicho unachokiomba. Maneno yanasaidia kidogo tu. Kisichoonekana hakimo. Kinachoonekana kwa bahati mbaya kinaleta maswali.

Duru ya kwanza nilipiga pale hotelini na samaki juu, ili ipendeze. Wakala alicheka kwenye simu: "Mnasajili sinia au chakula cha mchana?" Inatakiwa chombo kitupu, nyuma pakiwa peupe au rangi moja, hakuna mkono, hakuna rula, hakuna kivuli kinachoficha ukingo. Na kila upande: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na moja ya pembeni inayoonyesha ujazo wake. Saba.

Duru ya pili tulitandika shuka jeupe karakana. Tukang'arisha sinia kwa msasa laini mpaka ikawa kioo. Kosa. Kwenye picha ya juu ninaonekana mimi, shati jekundu, nimeshika simu, nimekaa katikati kabisa ya kishimo cha ugali. Kwenye ya kulia linaonekana tanuri.

Duru ya tatu aliyetuokoa ni mtoto wa jirani aliyepita akasema tujifunike. Tulitundika chandarua cheupe kwenye kamba nne, sinia ndani, jua la saa nne nje. Mwanga ukawa laini kama maziwa. Simu niliipitisha kwenye tundu moja la chandarua. Picha saba safi. Nilizituma nikiwa nimeshachagua suruali ya kuvaa Nairobi.

Zikarudi. "Hesabu mbavu," ndiyo barua pepe nzima.

Picha nne zilikuwa na mbavu 17 kamili. Tatu zilikuwa na 16 na kisiki. Nikakumbuka: tulianza na sinia ya nne, tuliyoiazima hotelini kwa sababu ndiyo iliyong'aa zaidi, Mama Hoteli akaitaka irudi kabla ya chakula cha mchana, tukamalizia na ya pili. Na ile ya nne ina kasoro ambayo mimi sikuwahi kuiona: ubavu wa kumi na moja haukujaa. Alumini ilipoa kabla ya kufika juu, ukabaki nusu. Jaduong' aliijua siku zote. "Kwani samaki wote wana miiba mizima?"

Picha saba zilizotakiwa kuonyesha umbo moja zilikuwa zinaonyesha mawili. Mtu mwenye nia mbaya angeuliza mnadai lipi, na tungekosa jibu. Tulirudia zote kwa sinia ya pili peke yake, Jumamosi ya tarehe 5 Aprili, na mara hii nilihesabu mbavu kwenye kila picha kwa ncha ya penseli.

Jumatatu, 12 Mei

Basi la usiku kupitia Kericho na Nakuru. Asubuhi niko Nairobi, ofisi za KIPI, South C, Barabara ya Popo. Fomu, picha, majina ya waumbaji, karatasi ya Mama Hoteli, aina ya bidhaa na daraja lake, maelezo mafupi ya kilicho kipya: umbile la ukingo na mbavu, kishimo, miguu. Mfereji hatukuutaja. Ada kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Karani alipiga mhuri, nikatazama tarehe mara mbili kabla ya kukunja nakala.

Tarehe hii ndiyo tuliyoihangaikia tangu Februari. Miaka inahesabiwa kutoka hapa, na chochote kitakachoibuka kuanzia kesho hakiwezi kuharibu upya wetu. Nikiwa bado getini nimempigia Mama Hoteli kumwambia sinia zinaweza kutoka chumba cha ndani. Alishazitoa wiki mbili zilizopita.

Ijumaa, 18 Julai

Mnunuzi kutoka Busia, upande wa Uganda, anataka sinia 40. Furaha, halafu hesabu nyingine. Cheti cha Kenya, kikipatikana, hakivuki mpaka. Ila kwa Mkataba wa Paris tuna miezi 6 tangu siku ya maombi ya kwanza kuomba kwingine tukahesabiwa kama tuliomba siku ileile. Mwisho wetu ni 12 Novemba. Kuna pia njia ya ARIPO, shirika la mali miliki la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare: maombi mamoja chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, unataja nchi unazozitaka, Uganda ikiwemo, na unaweza kuyapitishia KIPI. Ada ni ya kigeni, na sinia 40 haziilipi. Zingekuwa 400, tungezungumza. Tumekubaliana tumngoje aagize mara ya pili.

Jumatano, 20 Agosti

Kidogo tu: sinia moja ya Mama Hoteli ilipotea siku sita, imerudi. Aliikuta nje ya mlango wa jikoni. Anadhani watoto waliichezea, kwa kuwa ilikuwa na mchanga kwenye mikunjo ya miguu.

Jumapili, 28 Septemba

Leo siku ya soko. Nimepita upande wa vyombo bila haja yoyote, na nimeiona, kati ya sufuria na kikaango, imewekewa bei ya chini ya yetu. Nimeinunua. Nimeomba risiti; muuzaji ameshangaa lakini ameandika, na tarehe. Sikumuuliza aliyesubu.

Cheti bado. Maombi yatachunguzwa kisha yatangazwe kwenye jarida, na wakala amesema nisimwandikie mtu barua ya vitisho kwa nguvu ya karatasi ya kupokelewa. Cheti kikitoka, kuna baraza maalumu la mashauri ya mali ya viwanda, na kitu cha kwanza watakachoweka mezani ni picha zetu saba na sinia hii. Risiti imeingia kwenye bahasha pamoja na daftari la tarehe.

Jaduong' hakukasirika. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga kwa ukucha kusikia unene, akaipindua. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye pezi, polepole, akihesabu kwa Kijaluo. Alipofika apar gachiel, kumi na moja, kidole kikazama. Ubavu ulikuwa nusu.

Akaniomba futi. Alumini ikipoa hunywea, kwa hiyo kiolezo chake cha mbao alikichonga kikubwa kidogo ili sinia itoke sentimita 46 kamili. Na sinia ikigeuzwa kuwa kiolezo, mtoto wake lazima apungue. Ameipima kutoka kichwa hadi mkia, akageuza, akapima tena.

"Arobaini na tano na nukta nne," amesema, kisha akaiweka rafuni, juu ya bahasha.